Kode ya Mama Albertine

Kila siku baada ya shule, Emmanuella aliteka maji, akafagia kiwanja, kisha akakaa mlangoni na telefone ya mama yake. Mama Albertine alikuwa mkunga katika kituo kimoja cha afya mjini Kasongo. Wanawake wajawazito wa vijiji vya mbali walimwandikia kwa WhatsApp: huyu miguu imevimba, yule mtoto hachezi tumboni. Mama alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, Emmanuella alimsomea ujumbe mmoja mmoja kwa sauti, na mama akamwambia la kujibu. Msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliipenda kazi hiyo. Mtaani walimwita fundi wa telefone, naye aliamini.

Papa Ruphin, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa amewawekea wakunga wote kufuli la pili: namba sita za siri ambazo WhatsApp huziuliza mara kwa mara. Zilimchosha Emmanuella. Siku moja aliingia kwenye mipangilio akaziondoa, bila kumwambia mtu.

Jumanne moja uliingia ujumbe kutoka namba ya Mado, rafiki yake aliyehamia Salamabila na baba yake mchimba dhahabu. Hawakuwa wameandikiana kwa miezi mingi.

"Emmanuella wangu, habari? Nimetuma kode kwenye namba yenu kwa makosa. Iko namba sita. Nirudishie mbio, niingie kwenye kundi la darasa."

Kweli, kode ilikuwa imefika kwa SMS, pamoja na onyo kwamba asipewe mtu yeyote. Emmanuella alilisoma. Lakini Mado si mtu wa kuogopa, alijiambia, akaituma. Papo hapo WhatsApp ya mama ikafungwa. Alijaribu kuifungua, ikakataa. Mama alipouliza kama kuna ujumbe, alijibu, "Hakuna, mama. Rezo iko mbaya leo, ujumbe hauingii."

Jumatano alisema vilevile.

Alhamisi mchana mwanaume mmoja aliingia kiwanjani akisukuma baisikeli, vumbi hadi magotini. Alikuwa Abedi, mvuvi wa Nyangwe. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na Mama Albertine ndiye aliyemfuatilia.

"Mama Albertine, sindano zimepatikana?" aliuliza kabla hata ya kusalimu. "Mke wangu analia tu tangu jana."

"Sindano gani, Papa Abedi?"

"Zile ulizoandika. Ulisema mutoto iko katika hatari, nitume franka mbio. Nimeuza nyavu zangu, nikatuma."

"Mimi? Mimi sikukuandikia kitu!"

Abedi alitoa telefone yake, akamwonyesha. "Namba iko yako. Picha iko yako."

Majirani walikuwa wamesogea kwenye uzio. Mwanamke mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, "Hata wakunga sasa?" Mama Albertine, aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, aliapa kwamba hakuandika. Emmanuella alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha, na hakulitoa.

"Mimi nilikuamini, Mama," alisema Abedi, akageuza baisikeli akaondoka.

Mama aliingia ndani, akakaa, akajifunika uso kwa kitenge. Emmanuella hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia.

"Mama," alisema, "ni mimi." Akaeleza yote: kode, namba za siri alizoziondoa, na uongo wa rezo.

Mama alijifuta uso. Hakumpiga. "Mkimbilie," alisema. "Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nakuja nyuma."

Alimkuta Abedi karibu na soko, katikati ya watu. Alisema yote huku akitazama miguu yake. Watu waliokuwa wakinunua samaki walisogea kusikiliza.

Abedi aliuliza jambo moja tu: "Basi mutoto wangu ni mzima?"

"Ni mzima, papa," alisema Emmanuella. " Ule ujumbe ulikuwa uongo."

Mvuvi alikaa chini pale pale barabarani, akashusha pumzi. Kisha alimtazama. "Wewe, mutoto, tangu jana nilikuwa ninamzika mtu ambaye hajazaliwa."

Maneno hayo yalimuuma Emmanuella kuliko fimbo.

Jioni ile walimpelekea Papa Ruphin telefone; aliomba kode mpya, na mwizi akatolewa. Lakini WhatsApp ikadai namba sita za siri.

"Ungeziacha zile namba, kode peke yake isingemtosha; sasa yeye ameweka za kwake," alimwambia Emmanuella. "Mwizi anajua kazi ya kufuli. Sasa tutasubiri siku saba kabla ya kuingia."

Siku hizo saba, kila baada ya shule, Emmanuella na mama yake walizunguka kwa miguu kuwaonya watu. Kwenye kila mlango mama alisimama nyuma, na binti ndiye aliyesema, "Ni mimi niliyetoa kode." Mlango wa kwanza ulikuwa mgumu, na wa kumi pia. Walipompigia baba yake Mado, walisikia kwamba na yeye Mado alikuwa ameibiwa namba yake vilevile. Mama alichukua vitenge viwili alivyoviweka kwa ajili ya Noeli, akampa Abedi aviuze apate nyavu nyingine. Emmanuella alimwona akivikunja.

Siku ya nane WhatsApp ilifunguka. Papa Ruphin alimkabidhi mama telefone ili aweke namba mpya za siri, kisha akamgeukia Emmanuella.

"Kode inayokuja kwa SMS ni ufunguo wa nyumba. Usimpe mtu, hata mimi. Rafiki akiiomba, mpigie usikie sauti yake. Na zile namba za siri zinazokuchosha, zinamchosha mwizi zaidi. Lakini kosa lako kubwa, mwanangu, ni zile siku mbili ulizonyamaza. Ungesema Jumanne, Abedi angekuwa na nyavu zake."

"Ndiyo, papa."

Mama alianza kufikiria namba zake. Bila kuambiwa, Emmanuella aliinuka akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake.