Dau kwa Jina la Mzee Komeo

Mlango haukuwa umevunjwa. Hilo lilimkera Inspekta kuliko kabati lililoachwa wazi na cherehani mbili zilizotoweka.

"Ulipofika uliufungua mwenyewe?" alimuuliza mwenye nyumba, mama mshonaji aliyekuwa bado anafuta machozi.

"Kwa ufunguo wangu, afande. Nikakuta kila kitu kimezolewa."

"Kuna mtu mwingine aliyewahi kuushika ufunguo huu?"

Mama alisita. "Wiki iliyopita ulinikwamia kwenye kitasa. Nikamtafuta Mzee Komeo mtandaoni, nikapiga simu. Akaja kijana, kofia na barakoa usoni, akasema ametumwa na mzee. Akaukwamua vizuri tu, akaondoka."

Mtaalamu wa uchunguzi alikuta mabaki ya udongo laini kwenye meno ya ufunguo. Mtu aliukandamiza kwenye udongo kuuchukua alama, akachonga wa pili, kisha akasubiri nyumba ibaki bila mtu. Nyumba nyingine mbili zilikuwa zimeibiwa vivyo hivyo, na wenyewe walitaja jina lile lile.

Ndiyo maana Mzee Komeo, fundi wa kufuli ambaye nusu ya mji ilimkabidhi funguo zake bila kufikiri mara mbili, alikuwa ameketi kwenye chumba cha mahojiano, mikono magotini.

"Ulimtuma nani kwa mama mshonaji?"

"Sikumtuma mtu. Hakunipigia."

"Wote wanasema walikupigia wewe."

"Basi waonyeshe namba."

Namba waliyoonyesha haikuwa yake. Ilikuwa imezimwa, na ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu aliyekipoteza zamani. Mkuu wa kituo hakubabaika. Namba ya pili kila tapeli anayo, alisema; hati ya mashtaka iwe mezani kwake kesho.

Inspekta alitoka pale moyo mzito. Fundi wa kufuli akishtakiwa kwa wizi, hata akishinda kesi, nani atamwita tena mlangoni kwake? Mzee alilijua hilo. Hakuomba wakili wala maji. Aliuliza tu kama watu wameshasikia.

Mambo ya mtandao yalimpiga chenga Inspekta, naye hakuona haya kukiri. Alimwita binti mmoja anayewatengenezea wafanyabiashara matangazo ya mtandaoni, akamkabidhi simu ya mama mshonaji.

Binti aliandika: Mzee Komeo. Juu kabisa ikatokea namba ile iliyozimwa, na kando yake neno dogo, "Tangazo". Ukurasa wa mzee mwenyewe ulikuwa chini yake.

"Simu kaizima, tangazo bado liko hewani," binti alisema.

"Limempandaje mwenyewe kichwani?"

"Kwa mnada, afande. Mtu akitafuta neno, wanaolitaka wanalishindania hapo hapo, kufumba na kufumbua. Mwenye dau zuri, na tangazo linaloendana na neno, anakaa juu. Likibofywa, analipa."

"Hata jina la mtu linapigiwa dau?"

"Kwa mashine, jina ni neno tu."

Inspekta hakulipenda jibu hilo. Alimfikiria mzee kule ndani.

"Tena huyu amelinganisha kwa upana," binti aliendelea. "Hakulenga jina peke yake. Anataka jina pamoja na chochote kitakachoandikwa nalo. Tazama."

Akaandika: Mzee Komeo mlango. Tangazo. Mzee Komeo gari. Tangazo. Mzee Komeo ghala. Tangazo. Mzee Komeo sefu.

Halikutokea. Alirudia mara kadhaa, wapi.

"Limeharibika?"

"Hapana. Nadhani ameweka neno la kuzuia. Mtu akitaja sefu, tangazo linajiondoa. Tunafanya hivyo kwa kazi asizoziweza mteja wetu, ili asilipie watu atakaowarudisha mikono mitupu."

Inspekta aliegemea kiti. Sefu ndizo zilizompa Mzee Komeo heshima mjini. Angezuiaje neno linalomlisha? Mwizi alikuwa mtu aliyejua kila kufuli, ila sefu zilimshinda.

Alirudi chumba cha mahojiano.

"Mzee, wanafunzi wako unawafundisha sefu lini?"

"Mwisho. Wakishajua vitasa, magari na maghala, namwangalia mtu tabia kwanza. Nikiridhika, ndiyo sefu."

"Nani alijua yote akaondoka kabla ya sefu?"

Mzee alianza kuwahesabu kwa vidole, akaishia kwenye cha kwanza. Hakuwa anaficha kitu. Ndiyo kwanza alikuwa anajua, na kujua kulimuumiza waziwazi.

"Andika ni mimi," alisema.

"Mzee wangu..."

"Andika, mwanangu. Mimi nimeshazeeka."

"Ni nani kwako?"

"Ni wangu wa kumzaa."

Cherehani za mama mshonaji zilikutwa chumbani kwa kijana huyo wa mzee, chini ya turubai, pamoja na kopo la udongo. Inspekta alimleta mzee asikilize mahojiano ya mwanawe, kinyume cha taratibu, akamketisha karibu na mlango.

"Tangazo ni lako?"

"Mimi na matangazo wapi na wapi?"

"Kwa nini ulizuia neno sefu?"

Kijana alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza.

"Kwa sababu siziwezi. Watoto wa watu amewafundisha. Mimi kila nikiuliza, bado. Nikaweka tangazo kwa jina langu, hakupiga hata mmoja. Nikaweka kwa jina lake, simu haikupoa. Mwanzoni nilifanya kazi ya halali. Halafu kila mlango nasikia, 'Mzee hajambo? Msalimie mzee.' Nikachoka. Nikaiba ili lichafuke hilo jina, tuone nani atamsalimia."

Mzee akajikohoza.

"Kwa hiyo ulikuwa unalipa, watu wakinitafuta mimi?"

"Kila wakibofya."

"Nimeshampa mchoraji kazi ya kibao kipya cha duka," mzee alisema polepole. "Nilimwambia aandike 'Komeo na Mwana'. Nilikuwa nangoja utulie kidogo tu. Umelipigia dau jina nililokuwa nakuwekea bure."

Kijana alilaza uso mezani akalia kwa sauti. Mzee alimgeukia Inspekta, akaomba ruhusa ya kumshika bega mwanawe, na Inspekta akamruhusu.