Dirhamu Iliyosema Imezaliwa Dameski

Mwizi alifungua kabati la kioo kwa ufunguo, akachukua sarafu moja, akafunga tena. Moja tu. Pembeni zilikuwepo sita za dhahabu. Hakuzigusa.

Inspekta Widad aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kwenye kitambaa chekundu ilibaki nafasi tupu, na chini yake kikaratasi: "Dirhamu ya fedha. Ilipigwa chapa Dameski."

"Afande, huyu mwizi au chizi?" aliuliza Sajini Fawwaz, mdomo umejaa mkate wa ufuta.

"Meza kwanza."

Jumba la makumbusho ya sarafu mjini Trablos, Lebanoni, liko nyuma ya soko la wafua shaba, kwa hiyo hata mahojiano yanafanyika nyundo zikigonga nje. Saa tisa alasiri wageni walikuwa wanakuja kumpongeza Mwalimu Nazira, mama wa miaka sabini na nne, ambaye ndiye aliyetambua kila sarafu mle ndani ilipigwa mji gani. Na mkurugenzi wa jumba alishapiga simu mara mbili: mlinzi awekwe ndani kabla hawajafika.

Mlinzi alikuwa Abu Mulhim. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani.

"Ufunguo ni mmoja?" Widad aliuliza.

"Mmoja. Uko kwenye mkanda wangu. Hautoki."

"Hautoki kabisa?"

"Kabisa, Afande."

"Ukienda kutawadha, mkanda unauvua au huuvui, ami?"

Abu Mulhim akaushika mkanda. Jasho likamtoka hadi masharubuni.

"Nautundika msumarini," alisema mwishowe. "Dakika tano. Ningesema mapema ungeniamini? Miaka ishirini na miwili sijapoteza hata kifungo humu. Nikitoka na pingu leo, mtaani nitapita wapi?"

"Jana alasiri ulipouvua, nani alikuwepo?"

"Binti yetu Ghinwa, na mafundi wawili wa kutundika picha."

Fawwaz alishawapekua mafundi. Walikuwa na nyundo, misumari na nusu kilo ya lozi. Alama za vidole kwenye kabati hazikusaidia kitu, kila mtu alikuwa amelishika.

Akaitwa Ghinwa, msaidizi wa Mwalimu, mwenye miaka ishirini na nane. Alileta kahawa bila kuombwa.

"Sarafu iliyoibiwa ina thamani?"

"Siyo sana. Za namna ile zipo nyingi. Ya thamani ni jirani yake, hii ya mji wa Akka yenye msalaba."

"Na hii imeachwa."

"Imeachwa."

"Wewe ungekuwa mwizi ungechukua ipi?"

"Mimi siyo mwizi, Afande."

Widad alikuwa anatazama ukutani. Picha ya ile sarafu ya Akka ilikuwa imekuzwa, kubwa kama sinia ya harusi. Kando yake kulikuwa na misumari miwili mitupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Picha ya ile ya Dameski. Ilichanika."

"Chapisheni nyingine."

"Faili limeharibika."

Fawwaz aliacha kutafuna. Sarafu imepotea, picha imechanika, faili limeharibika, vyote siku moja! Huyu mwizi hakutaka kuuza kitu. Alitaka kitu kisionekane.

"Ami," Widad alimgeukia mlinzi, "ile picha uliiona ikiwa ukutani?"

"Nilipiga nayo selfi. Nimtumie mjukuu, aone babu yake anafanya kazi na vitu vikubwa."

Ghinwa alifumba macho.

Simu ya Abu Mulhim ilikuwa na ufa katikati, lakini picha ilikuwa safi. Widad aliivuta kwa vidole viwili, akaondoa masharubu ya mzee, akabaki na ukingo wa sarafu. Ulizungukwa na nukta. Kila nukta ilikuwa imemeguka upande wa kushoto, palepale, kama jino lililovunjika.

Widad alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye maabara ya silaha. Kule walimfundisha jambo moja: chuma huacha alama yake, na vyuma viwili haviachi alama moja. Akainua macho kwenye picha ya Akka. Nukta. Zote zimemeguka kushoto.

"Ghinwa, Dameski na Akka zilikuwa na ugomvi, sivyo?"

"Akka walikuwepo Wafaranji, watu wa Vita vya Msalaba. Dameski ilikuwa ya Waislamu."

"Sasa fundi wa Dameski alimwazima adui yake msumari wa kugongea nukta?"

Ghinwa alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Hakumwazima," alisema. "Zote mbili zilipigwa Akka. Watu wa sokoni walitaka fedha wanayoijua, basi Wafaranji wakaiga ya Dameski, maneno yaleyale, hata jina la mji. Sisi tunajua kusoma, ndiyo maana tumedanganyika. Tunasoma Dameski, tunaishia hapo. Hakuna aliyetazama nukta."

"Wewe ukatazama."

"Jana, nilipokuza picha. Kitabu cha Mwalimu kinasema Dameski miaka arobaini sasa. Wageni wangeziona kando kwa kando, ukutani, kwa mkono wangu mimi." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nilikuja hapa kufagia, nina miaka kumi na tano, jina langu siwezi kuliandika. Alinipokonya ufagio akanipa lenzi. Ningemlipa kwa aibu?"

Alitoa mkebe wa miwani mfukoni. Ndani, kwenye pamba, ilikuwemo dirhamu.

"Lete hapa."

Mwalimu Nazira alikuwa mlangoni na fimbo yake. Amesikia tangu lini, hakuna aliyejua. Aliipeleka sarafu dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nimeisoma mara elfu," alisema. "Sijawahi kuitazama."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe nini? Mtu anafundisha maisha yake yote, anaomba Mungu ampatie mmoja atakayeona alipokosea. Nimempata, halafu ananificha." Akambusu kwenye paji la uso. "Asante, mwanangu. Saa tisa nitawaambia mwenyewe. Lakini wa kuombwa msamaha siyo mimi."

Ghinwa alimgeukia Abu Mulhim.

"Ami, ulikaa kwenye kile kiti saa tatu nzima, nami nakuangalia."

"Nne," alisema mzee.

Widad alifungua daftari. "Mali imepatikana, na mkurugenzi ataamua lake. Wewe, ami, unafungua malalamiko? Ni haki yako."

Abu Mulhim alivaa kofia, akairekebisha.

"Nina sharti. Kabla ya hao wageni, nielezwe mimi. Miaka ishirini na miwili navilinda hivi vitu, na hakuna aliyewahi kuniambia ni nini."

Ghinwa alimvutia kiti dirishani, akamshikisha lenzi. Mzee aliibandika jichoni kinyume, Ghinwa akaigeuza. Nje nyundo ziligonga.

"Naona nukta," alisema. "Imemeguka hapa."

"Ndiyo hiyo, ami."

"Bado nimekukasirikia," alisema Abu Mulhim, jicho halitoki kwenye lenzi. "Asante. Nionyeshe nyingine."