Harusi Zilizofutwa Saa Nne

Oda arubaini na moja za harusi ziliibwa Kilimani Ijumaa asubuhi, na mwizi hakuvunja hata kioo cha dirisha.

Inspekta Isaiah Sifuna alimwomba mlalamishi arudie maneno hayo polepole. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefuatilia ng'ombe, magurudumu ya magari na mara moja kengele ya kanisa, lakini harusi, la, hiyo ilikuwa mpya kwake. Alivaa koti la mvua, akachukua pingu, kijitabu na kikopo chake cha unga wa alama za vidole, akaenda.

Mlalamishi alikuwa Bi. Virginia, mwenye kampuni ya kukodisha mahema na viti. Ukiona hema jeupe kwenye sherehe yoyote kuanzia Kilimani hadi Dagoretti, jua pengine ni lake. Oda zake zote zilikaa ndani ya hifadhidata, yaani daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ilifungiwa chumba cha nyuma chenye baridi ya bucha. Asubuhi hiyo Becky wa mapokezi alifungua orodha ya kesho yake, Jumamosi tarehe ishirini na tano Novemba, 2006, akakuta patupu. Jumapili ilikuwepo. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwepo. Kesho tu ndiyo ilikuwa nyeupe pe, na malori yalitakiwa kuanza kupakia saa nane mchana.

"Nani ana ufunguo wa hilo daftari?" Inspekta aliuliza.

"Mmoja tu. Mbithi, anayelitunza."

"Ana kinyongo na wewe?"

"Aliomba ruhusa ya leo, nikamnyima. Siku ya kupakia nani hupewa ruhusa? Na tangu Jumanne mashine inakwama kila asubuhi saa nne, wateja wanamtukana Becky. Alikuwa anajaribu, Afande. Leo amemaliza."

Inspekta alitaka kujua ruhusa yenyewe ilikuwa ya nini. Hapo Bi. Virginia alitazama kucha zake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kijana alikuwa anaoa kesho.

Basi usisahau kwamba ilikuwa Ijumaa. Mkazi wa Nairobi haambiwi mara mbili: ukikamatwa Ijumaa, hakimu utamwona Jumatatu. Mbithi akiingia seli leo, kesho bibi harusi wake, Waceke, atasimama kanisani kule Mutuini akiwa na maua mkononi na hana bwana. Inspekta mwenyewe alioa siku ya mvua na hajawahi kujuta, na wazo la kumfungia bwana harusi lilimkera kweli kweli. Lakini sheria ni msumeno. Aliitisha kiti, akamwita mshukiwa.

Mbithi alikuwa kijana mrefu, mpole, shati limenyoshwa vizuri, macho ya mtu ambaye hajalala wiki nzima.

"Saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chooni, Afande."

"Ukatoka saa ngapi?"

"Saa tano hivi."

"Saa nzima?"

"Nilikula vibaya jana."

Inspekta aliinamisha kichwa, akaviangalia vidole vya kijana. "Na hicho choo chenu kina wino wa dhahabu?"

Mbithi alitazama vidole vyake kama vimemsaliti. Alifungua mkoba akatoa bunda la programu za harusi, mia tatu, jina la Waceke na lake yamepigwa chapa ya dhahabu ambayo ilikuwa haijakauka sawasawa. Alikuwa ametoroka kazini saa tatu na nusu kwenda kuzichukua River Road, katikati ya jiji, kwa sababu mpiga chapa alikuwa amemzungusha tangu Jumatatu, leo kesho, leo kesho.

Inspekta alifarijika, lakini Bi. Virginia hakumwacha afarijike sana. Alisema River Road saiba, vile vibanda vya kukodisha intaneti, ziko kila mlango, na ule ukurasa wa kusimamia hifadhidata unafunguka popote penye mtandao. Mtu anaweza kufuta harusi za watu huku anasubiri programu za yake.

Kwani ni ukurasa gani huo? Mbithi alieleza. Hifadhidata ilikuja na ukurasa wake yenyewe. Unafungua intaneti kama kawaida, unaandika anwani ya seva, ile kompyuta ya chumba cha nyuma, unaweka paswadi, na unaona kila kitu: nani ameingia, anafanya nini, kitu gani kinaichosha mashine. Ukiuliza, unakupa hata ushauri.

"Ni kama daktari anayekaa ndani ya mgonjwa," alisema.

"Basi tumwone daktari," Inspekta akasema.

Hapo kukawa na shida ndogo. Kisheria mshukiwa hawezi kugusa ushahidi, na hapakuwa na mwingine aliyeujua ukurasa huo vizuri. Ikaamuliwa Mbithi asimame nyuma, mikono mfukoni, aelekeze kwa mdomo, na Inspekta achape mwenyewe kwa vidole vyake viwili vya shahada. Kazi ya dakika moja ikachukua kumi. Kikopo cha unga kilibaki mezani, hakina wa kukiuliza kitu.

"Paswadi?"

Masikio ya Mbithi yaliiva. "Waceke25."

Becky alicheka hadi akashika meza. Paswadi hiyo, alisema, hata mlinzi wa langoni anaijua. Kwa miezi mitatu Mbithi amekuwa akiichapa huku akiitamka, herufi moja moja, kama mtu anayekula peremende. Bi. Virginia alikaa kitini polepole. Ufunguo wa mtu mmoja ulikuwa wa ofisi nzima.

Ukurasa ulifunguka. Katikati kulikuwa na mchoro wa kazi ya mashine kwa wiki nzima, rangi ya kijani chini na ya buluu juu. Jumatatu ilikuwa tambarare. Jumanne, Jumatano na Alhamisi kila moja ilikuwa na mlima mmoja, na kila mlima ulianza saa nne asubuhi ukaisha saa nne na nusu. Inspekta aliukodolea macho. Hakuhitaji kozi ya kompyuta kuutambua wakati huo.

"Saa nne ni saa ya chai," alisema. "Nani hapa hanywi chai?"

Mbithi akamwelekeza abonyeze juu ya mlima. Chini yake ikatokea amri iliyoibebesha mashine mzigo. Mtu alikuwa akiuliza swali lile lile siku tatu mfululizo: hema gani kubwa halijachukuliwa tarehe ishirini na tano? Na kwa kuwa tarehe hazikuwa na faharasa, yaani orodha ya kuonyesha kila moja iko wapi, kila alipouliza mashine ililazimika kusoma oda zote za miaka minane, kuanzia ya kwanza. Hapo ndipo ilipokuwa ikikwama.

"Mwizi anatafuta hema," Inspekta akasema.

"Ni wapinzani wangu," Bi. Virginia akasema. "Wamenunua mtu wangu."

Walibonyeza siku ya leo. Saa nne na dakika nne kulikuwa na amri moja tu, fupi: futa oda zote za tarehe ishirini na tano. Pembeni ukurasa ulikuwa umeandika jina la aliyeingia, ambalo lilikuwa la Mbithi. Bi. Virginia akafungua mdomo. Lakini Mbithi alimwambia Inspekta asogeze kishale kidogo upande wa kulia, na hapo palikuwa na jina la kompyuta iliyotumika. Halikuwa la saiba yoyote ya River Road. Lilikuwa STOO.

Stoo ilikuwa ya Mzee Kibe. Miaka hamsini na minane, koti la buluu, mtu anayeyajua mahema yale kwa viraka vyake. Saa nne na robo alikuwa ameondoka na lori kupeleka viti mtaa wa Karen. Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu, na mkuu wake wa kituo alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama mshukiwa anakuja ama haji.

Lori lilirudi saa saba kasoro. Mzee Kibe aliposhuka akaona koti la polisi uani, aliinua mikono kabla hajaulizwa.

"Hayajatoka, Afande," alisema. "Yako pale pale, nyuma ya viti."

"Nini hayajatoka?"

Mzee alitazama kushoto, akamwona Mbithi amesimama pale. Akafunga mdomo, mikono ikabaki juu.

"Mzee Kibe, wewe ndiye ulifuta oda za kesho?"

"Nilifuta moja."

"Zimepotea zote."

Mzee aliishusha mikono kwa mshtuko. Alisema mashine yenyewe ilimwandikia arubaini na mbili, naye akadhani ndizo zimebaki. Kumbe ndizo zilizoondoka. Alikuwa ameweka tarehe akasahau kuweka jina, na kwa vile lori lilikuwa linamngoja alibonyeza akaenda zake kwa amani.

"Hiyo moja ilikuwa ya nani?"

"Huyu kijana akitoka nje nitakwambia."

"Huyu yuko chini ya ulinzi. Hatoki."

"Basi nifunge mimi. Sisemi."

Bi. Virginia alitaka pingu zitumike sasa hivi. Inspekta alizitoa, akazishika, akamtazama mzee usoni. Amewahi kuwaona wezi wengi. Wezi huogopa kufungwa. Huyu alikuwa anaogopa kuulizwa.

"Mbithi," alisema, "huyu daktari wako anaweza kurudisha kilichofutwa?"

Mbithi alisema inawezekana, kama si zamani sana. Ukurasa una mahali pa kulirudisha jedwali la oda lilivyokuwa saa fulani. Inspekta alichapisha kwanza kila kitu kwenye karatasi kwa ajili ya faili, akatia sahihi na tarehe, kisha akakaa tena na vidole vyake viwili. Ukurasa ukauliza: rudisha hadi saa ngapi? Saa nne na dakika tatu. Una hakika? Akabonyeza ndiyo.

Mashine ilifikiri. Wote watano walikuwa wameegemea meza, hata Mzee Kibe, ambaye alikuwa akisali kwa Kikuyu. Kisha Jumamosi ikajaa mistari kuanzia juu hadi chini, na Becky akapiga makofi.

Inspekta alihesabu kwa kalamu. "Arubaini na mbili."

"Jana jioni zilikuwa arubaini na moja," Bi. Virginia akasema. "Mimi mwenyewe nilihesabu."

Mstari wa mwisho ulikuwa umeingizwa jana saa moja usiku kutoka stoo. Inspekta aliusoma, akausoma tena. Kisha akaigeuza skrini imtazame Mbithi.

Mteja: Mbithi na Waceke. Mahali: Mutuini, kwa kina Waceke. Mahema mawili makubwa, viti mia mbili. Amana: hakuna. Maelezo: Mbithi asione.

Kijana alisoma hadi mwisho. Akatoa mikono mfukoni bila ruhusa ya mtu, akajifunika uso.

Sasa siri ilikuwa imekwisha, basi Mzee Kibe akasema yote. Mbithi alikuwa amejipanga kufanya karamu yake shambani bila hema, Novemba, akimwambia kila mtu kwamba haitanyesha. Mfanyakazi wa mahema, wageni wake wanyeshewe! Ofisi ikaunda kamati ya siri. Siku tatu mzee alitumia saa yake ya chai kutafuta hema lisilo na mwenyewe, na Alhamisi akalipata, kisha la pili. Ilibidi aiandike oda, la sivyo Becky angewapa wengine mahema hayo. Leo saa nne oda za kesho zilipofungwa, hakuna mwingine aliyeweza kuyachukua tena, basi akaifuta ili Mbithi asiione akichapisha orodha ya kupakia.

"Ulijua ni kosa?" Inspekta aliuliza.

"Nilijua, Afande. Lakini huyu alinifunza kushika mausi ya kompyuta nikiwa na miaka hamsini na sita, na hakunicheka hata siku moja. Nisimpe hema?"

Inspekta alirudisha pingu kiunoni. Akamgeukia mlalamishi, kwa sababu kesi ilikuwa yake. Mahema ni yake, amana haikulipwa, amri yake ya kazi imevunjwa mara mbili kwa siku moja.

Bi. Virginia alikuwa bado anautazama mstari wa mwisho kwenye skrini.

"Kamati ina watu wangapi?" aliuliza.

"Wote, Madam," Becky akasema.

"Wote?"

Becky aliangalia sakafu.

"Miaka kumi na mmoja nafunika harusi za watu," Bi. Virginia akasema. "Kamati zote za Nairobi hunipigia kuuliza hema. Hakuna hata moja iliyoniambia, Virginia, njoo ukae." Alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akakasirika kwa kulipangusa. "Mwenyekiti ni nani?"

"Ni mimi," Mzee Kibe akasema.

"Basi niandike. Na viti viwe mia tatu. Watu wa Mutuini huja na majirani."

Malalamiko yaliondolewa saa saba na dakika arubaini. Inspekta alimpigia mkuu wa kituo akamwambia mshukiwa haji, ana shughuli kesho. Kabla Inspekta hajaondoka, Mbithi, sasa akitumia mikono yake mwenyewe, alifuata ushauri wa ukurasa ule akajenga faharasa ya tarehe. Swali la Mzee Kibe liliulizwa tena likajibiwa kabla mtu hajameza mate. Paswadi nayo ikabadilishwa, na safari hii Mbithi aliichapa akiwa ameuma midomo.

Jumamosi ilinyesha. Ilianza wakati wa keki na haikupumua hadi jioni, na kule Mutuini watu mia nne walicheza chini ya turubai bila kulowa kisigino. Inspekta Sifuna, mgeni mwalikwa, alikuwa na sahani ya pilau mkononi alipomwona Bi. Virginia akipita na trei ya soda, kitambaa cha kamati kimebanwa kifuani.

"Habari ya leo, mlalamishi?" akamwamkua.

"Afande, soma vizuri," alisema, akimwonyesha kitambaa kwa kidevu. "Mimi ni kamati. Chukua soda."