Biro Nyuma ya Postikadi

"Tobias! Umeandika hapa na biro?"

Watu pale bustanini Jeevanjee Gardens wakageuka. Tobias, karani wa watu kutoka Woodley, akainua mikono kumtuliza. Miezi minane alikuwa amemsakia mpenzi wake Wamucii, mkusanyaji wa postikadi za zamani, ile ya stesheni ya kale ya Nairobi, akaipata juzi kwa muuza vitabu vikuukuu. Leo alikuwa amevaa hata tai.

"Wamucii, si ulisema unapenda zenye zimeandikwa nyuma?"

"Zimeandikwa zamani! Na wenyewe! Hii imekaa safi miaka karibu mia, halafu wewe unakuja kuniharibia kitu yangu!"

"Soma kwanza, please."

"Sisomi kitu! Niko na hasira!"

Akaitia kadi mkobani, akashika njia ya kwao Kileleshwa. Hasira kweli alikuwa nayo, lakini kadi hakuiacha.

Jumanne Tobias alipiga simu, haikushikwa. Akatuma ujumbe: "Pole sana. Nitakutafutia ingine hata kama ni Mombasa." Hakujibiwa. Chai ilimpoa mezani ofisini. Moyo ulimuuma, tusifichane, maana nyuma ya kadi ile alikuwa ameandika maneno matatu tu: Wamucii, utakubali nikuoe?

Ijumaa simu ikalia. Ujumbe: "Angalia box ya ofisi. Na usinipigie."

Ufunguo wa sanduku la posta ulikaa kwake siku zote. Siku hiyo alikimbia nao barabarani, tai begani. Ndani alikuta postikadi moja, na alipoitambua akashtuka. Ilikuwa ile Wamucii aliyoipenda kuliko zake zote, yenye picha ya mwanamke wa Kikuyu mwenye herini kubwa za shanga, kuni mgongoni, asiyejulikana jina. Wamucii alimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikikuyu, kana kwamba ni wa kwao. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa bila kunawa mikono.

Tobias akaigeuza kadi. Stempu mpya, muhuri wa posta, na maandishi ya biro ya buluu:

"Nimesoma. Ndiyo, nimekubali. Hii yetu pia imeandikwa na wenyewe. Watoto wataikuta."

Akapiga simu papo hapo.

"Si nimekwambia usinipigie?"

"Wamucii! Umeandika Cucu na biro!"

"Nimeandika. Umenawa mikono?"

"Zii, sijanawa. Nalia tu hapa posta kama mtoto."

"Hata mimi nalia, wewe!" Kicheko kikamtoka katikati ya machozi. "Kuja nyumbani, mum anakungoja. Na Cucu usimkunje!"