Abiria wa Kiti cha Nyuma

Mkaguzi alifika kwenye uwanja wa kuuzia magari jua likizama, na alikuwa amekwisha kuwadharau watu wa kutosha kwa siku moja. Uwanja wa kwanza, kila gari waliliita "mashine". Wa pili, dalali alikuwa akiyapiga matairi mateke, kana kwamba gari hujieleza likipigwa. Huyu wa tatu alitabasamu kabla hajaulizwa kitu, na Mkaguzi akampa jina moyoni papo hapo: Meno.

Alikuwa amekagua shule maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, cheo kiligoma kustaafu naye, kikabaki kuwa jina. Alikuwa mwembamba, amenyooka kama aliyemeza rula, na alipochukizwa hakugomba. Alisonya. Msonyo wake ulikuwa mrefu, wa taratibu, ukianzia kwenye meno ya mbele na kuishia puani. Kuna walimu wazima waliohama shule kwa sababu yake.

Safari hii ilikuwa ya binti yake, mtoto wake wa pekee, mkunga. Aliteleza ngazini akiwa zamu, mguu wa kushoto ukavunjika na kuunga vibaya, klachi akawa hawezi kuikanyaga tena. Na kazi haikumwonea huruma. Kutwa alikuwa mjini kwenye foleni. Mara nyingine aliitwa zahanati ya mbali, akafuata barabara kuu peke yake, kwa sababu mtoto anayezaliwa hasubiri kuche. Kwa hiyo gari liwe otomatiki. Liwe dogo, lipenye mjini, lakini likitaka kulipita lori mlimani lilipite, lisianze kukohoa katikati. Liwe hachibeki, mlango wa nyuma ufunguke kwenda juu na viti vilale, mizigo yake iingie bila kuinama sana. Mkwe wake alikuwa amesema mzee awaachie vijana wachague kwenye simu. Mkaguzi alimtazama kama hesabu iliyokosewa kuanzia mstari wa kwanza, akavaa kofia, akatoka.

Meno alimwonyesha jeupe. Mkaguzi alisikiliza injini na kusema hiyo ingefaa cherehani. Meno akacheka, akampeleka mwisho wa safu.

Hapo lilikuwepo la kijivu. Safi, tairi nzuri, rangi haijaguswa. Magari yote uwanjani yalikuwa yamefungwa. Hili peke yake mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, umeinuka juu, kama kinywa cha mtu aliyelala.

"Gia zake zinajiendesha zenyewe, mzee wangu," Meno alisema.

Mkaguzi alimweleza kwamba hakuna gia inayojiendesha. Giaboksi ndiyo inayobadilisha, na mtu anayeuza kitu alipaswa kujua jina la kitu. Kisha akanyoosha mkono kuufunga ule mlango.

"Bado, mzee."

Alikuwa mama muosha magari, amesimama na ndoo yake. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba hili halifungwi hivyo. Kwanza yeye hugonga kioo, akasema gari linatoka, anayeshuka ashuke. Hungoja kidogo. Ndipo hufunga. Mkaguzi alimuuliza ni nani huyo wa kushuka. Mama akasema hajawahi kuuliza.

Mkaguzi akamgeukia Meno, akataka kujua kama hapa wanauza magari au ngano. Meno alicheka, ila kicheko hakikufika machoni.

"Mwache agonge, baba. Ni kidogo tu."

Mkaguzi akasonya. Akaushika mlango mwenyewe.

"Kama yumo, akae," alisema. "Nitampeleka anakotaka."

Akaubamiza.

Mama alimtazama Mkaguzi vile vile Mkaguzi alivyomtazama mkwe wake, kisha akaokota ndoo akaenda zake.

Wakatoka kulijaribu, Mkaguzi kwenye usukani, Meno kando yake. Mjini gari lilikwenda vizuri, na hilo lilimuudhi, maana alikuwa amejiandaa kulikosoa. Usukani ulikuwa mwepesi. Kwenye foleni liliondoka na kusimama bila kushtuka. Gia zilibadilika kimya kimya, kama mtumishi mzuri anayeondoa sahani mezani. Alimwona binti yake amekaa pale, mguu wa kushoto umepumzika, na kwa mara ya kwanza siku ile kifua chake kililegea.

Wakaingia barabara kuu. Mwanga ulikuwa umebaki mwembamba upande mmoja wa anga.

Alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma... gari halikuchangamka. Barabara ilikuwa tambarare, lakini gari lilivuta kama lililopakia magunia. Akakanyaga tena. Giaboksi ikashuka gia, ikalia, ikashuka tena.

"Lina kasoro," alisema Mkaguzi, karibu kwa furaha.

Meno alikuwa amegeuza uso dirishani.

Kisha ikaja harufu. Si mbaya. Harufu ya nguo zilizoloa mvua, zikakaa mahali pasipo hewa. Nje palikuwa pakavu; mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu.

Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ndogo. Mkaguzi aliijua, alikuwa amesoma habari za magari haya mpaka macho yakamuuma. Ilikuwa taa ya mkanda wa kiti cha nyuma. Huwaka mtu akikaa bila kufunga mkanda.

"Waya umeguswa na maji ya kuoshea," alisema. "Uzembe."

Nyuma yake, mkanda ukavutwa.

Aliusikia wote. Mvuto mrefu, laini... kituo kidogo... halafu *klik*.

Taa ikazima.

Mbele yao kulikuwa na lori. Mkaguzi alilitolea macho, mikono imeshika usukani, akajiambia kwamba ni kitu kimelegea kule nyuma. Katika magari mengine kuna ukuta kati ya buti na watu. Katika hili hakuna. Kilichoko nyuma kinapumua shingoni mwako.

"Gari la nani?" sauti iliuliza, ya upole, ya mtu anayepoteza muda tu.

Alidhani ni Meno, anataka kuzungumza biashara. "La binti yangu. Mkunga."

"Atapita njia hii?"

"Mara kwa mara."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Meno akageuka kutoka dirishani polepole. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Mzee," alinong'ona, "unaongea na nani?"

Kutoka kiti cha nyuma, ukatoka msonyo. Mrefu, wa taratibu. Ulianzia kwenye meno ya mbele, ukaishia puani.

Ulikuwa wake mwenyewe.

Waligeuza gari penye nafasi ya kwanza. Kurudi, wote wawili walitazama mbele tu, kama watoto walioadhibiwa, na hakuna aliyegusa kioo cha kutazamia nyuma.

Uwanjani taa zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Mama alikuja bila kuitwa, akagonga kioo, akasema gari limefika, anayeshuka ashuke. Akangoja. Akafungua mlango, akaingiza mkono, akapapasa kiti. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko Mkaguzi alivyotaka.

"Kimepoa," alisema. "Siku zote huwa cha moto. Hayumo tena."

Mkaguzi aliuliza maana yake, na sauti aliyoitumia haikuwa ya kukagua. Mama akamweleza alichosikia, ambacho kilikuwa kidogo. Mwenye gari wa kwanza alimpakia mtu barabara kuu, mvua inanyesha. Hakuwahi kumshusha.

"Kwa nini?"

"Hakumuuliza anashukia wapi."

"Na yeye mwenye gari?"

Mama alikamua kitambaa chake. "Gari si hili linauzwa, mzee?"

Mkaguzi alimrudishia Meno funguo na kuondoka kwa miguu. Njiani aliwadharau wote kwa zamu: Meno, mama na ndoo yake, na zaidi ya wote yule mzee mjinga aliyetetemeshwa na waya. Mdomo huponza kichwa, alikuwa akiwaambia walimu. Sasa aliona kwamba mdomo wake haukuponza kichwa chake. Ulikuwa umetaja kichwa cha mwingine.

Alipata gari jingine mbali na pale, hachibeki nyekundu, otomatiki, la mwalimu mstaafu aliyelitunza kama yai. Alilijaribu mchana, mjini na barabara kuu. Lilipanda mlima bila kulalamika. Alikaa kiti cha nyuma mwenyewe, taa ikawaka, alishuka, ikazima. Alirudia mpaka mwenye gari akaanza kumtazama kwa huruma. Hapakuwa na harufu yoyote.

Binti alikuja kulichukua asubuhi ya jua kali, akichechemea na fimbo yake, na mkwe nyuma yake akisifu rangi. Mkaguzi hakumsonya. Mkwe alishangaa kidogo.

"Baba, umejisumbua sana," binti alisema, akikaa kwenye usukani. Aliunyoosha mguu wa kushoto ukapata nafasi yake, akacheka kwa raha. Alisema ameitwa zahanati, na hii ndiyo siku ya kulijaribu. Mumewe ana kazi, atakwenda peke yake.

Akawasha gari. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Mkaguzi alivitazama kupitia kioo mpaka macho yakatoa machozi. Vitupu.

"Baba, hii taa nyekundu ni ya nini?"

Mkaguzi, ambaye kila kitu alikijua jina, alianza kupangusa kioo kwa kiganja.

*Klik.*

"Aa, imezima," binti alisema. "Basi."

Harufu ya nguo mbichi ilipita usoni pa Mkaguzi, kidogo tu. Alikwenda nyuma ya gari. Mkwe alimwona mzee wa watu akigonga kioo kwa kidole, akinong'ona kitu kwa adabu kubwa, adabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona nayo. Alifungua mlango wa nyuma. Alingoja. Alinong'ona tena. Safari hii alikuwa akiomba.

Kutoka ndani, msonyo ulimjibu.

Mkaguzi akaufunga ule mlango, kwa upole. Akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akaingia kiti cha nyuma, nyuma ya binti yake. Taa ikawaka. Akavuta mkanda, akaufunga. Ikazima.

Binti alimtazama kwenye kioo, nusu anacheka. "Na wewe unakuja, baba? Haya. Utashukia wapi?"

Alikitazama kiti kitupu kando yake.

"Twende tu, mwanangu," alisema.

Gari likaondoka kimya kimya, gia zikibadilika bila kushtuka. Kando yake, kiti kikabonyea kidogo, kama mtu aliyejisogeza kumpisha.