Mto wa Ngozi wa Mota

Brusadin, sajini meja wa polisi ya jeshi la Italia, alikuwa akichekecha mchanga wa jangwa la Libya kwa chekeche ya jikoni. Mahali hapo palikuwa na hema. Kapteni Gasparri alikuwa akinyoa ndevu ndani yake alfajiri hiyo, bomu likamwangukia, likamuua.

Kipande cha pezi la mkia wa bomu kikabaki kwenye chekeche. Brusadin alikifuta kwa kidole. Kilikuwa cha bomu la mota, mzinga mdogo wa kwao Waitaliano, si cha Waingereza.

"Umeridhika?" aliuliza Luteni Corsini. Darubini yake, ambayo siku zote ilining'inia kifuani, leo aliitundika begani. "Mota ya karibu ni ya Pilotto, na Kapteni alimnyima likizo. Kesho tumpige risasi, tuendelee na vita."

Koplo Pilotto alikuwa amefungwa kwenye gurudumu la lori. Waliomkamata walimchania shati, na kifua chake kilikuwa wazi, hakina hata mkwaruzo. Askari mmoja alimtemea mate.

"Ulikuwa wapi?" Brusadin aliuliza.

"Handakini, afande. Nimelala, peke yangu."

"Shahidi wako nani, chawa?" Luteni alidakia. Askari wakacheka.

Brusadin aliiendea mota. Mpigaji huilalia fremu kwa kifua ili isiruke. Lakini mto wa ngozi unaofunika nati za fremu haukuwepo.

"Mto uko wapi?"

"Handakini, nilikuwa nimeulalia. Wapiga mota wote ndivyo tunavyolala, afande."

Wakaukuta huko, chini ya blanketi lake.

"Basi aliyefyatua alilalia chuma kitupu," Brusadin alisema taratibu. "Luteni, leo darubini yako haigusi kifua. Vua shati."

"Unamwamuru ofisa, mbwa wewe?"

"Nakuomba. Pilotto mlishamvua."

Safari hii hakuna aliyecheka. Luteni alipochelewa, askari wawili walimfungua vifungo. Chini ya shingo kulikuwa na michubuko miwili ya buluu, kila mmoja una pembe sita, sawasawa na nati.

"Kwa nini?"

"Kapteni alitaka kunipeleka mahakama ya jeshi, mjini Derna. Eti nilikimbia mapigano ya bondeni, nikawaacha vijana wetu wafe." Akawageukia askari. "Hata nyinyi mngekimbia."

"Sisi tulibaki," alijibu yule aliyemtemea Pilotto mate.

Pilotto alifunguliwa kamba. Akasugua mikono, akauliza kama anaweza kuchukua mto wake.

"Huo ni ushahidi. Leo lalia mkono."

Jua lilikuwa linazama, na nusu ya mchanga haijachekechwa. Brusadin alitundika chekeche kwenye kigingi kilichobaki cha hema, aendelee kesho kutafuta vipande vingine.