Kura Nilizomkatia Binti Yangu kwa Wembe

Nina miaka hamsini na mbili, na watu wa Uvira wasionijua ni wachache. Mimi ndiye muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, mwenye depo mbili karibu na bandari ya Kalundu. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu kule Lubarika, nikashuka mujini na kaptula moja, nikabeba magunia ya wengine mpaka nikapata ya kwangu. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna mchungaji, hakuna chama. Sisemi hivyo kwa kujisifu... au basi, ni kwa kujisifu, maana hakuna kingine kilichobaki cha kujisifia.

Ndugu wasomaji, nawaandikia mkasa huu kwa mkono wangu mwenyewe. Imenichukua wiki tatu.

Miaka saba iliyopita, rafiki yangu Mwalimu Ramazani alikuja depo na daftari kwapani. Ni mtu wa zile familia za Kiislamu za zamani hapa mujini, anafundisha sekondari, na anapenda muziki kuliko chakula. Alitaka kuanzisha jurnali ya wanamuziki wa kwetu, vijana wanaorekodi nyimbo katika vyumba vya mabati na hakuna anayewaandika. Kichwa kilikuwa chake, mfuko ulikuwa wangu. Tukaiita Masikio. Ilikuwa kurasa kumi na mbili, ilichapwa ng'ambo, Bujumbura, na ilitoka kila mwezi, ikiwa mpaka wa nchi uko wazi.

Mwaka wa pili tukaanzisha Zawadi ya Wasomaji. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na kuponi. Unaikata, unaandika jina la mwimbaji unayempenda, na nyuma yake unaandika salamu zako. Salamu ilikuwa akili ya Mwalimu, kwa sababu zile nzuri tulizichapa. Watu wa huku ukiwapa nafasi ya kusalimiana wanasahau hata chungu jikoni. Kuna waliokuwa wananunua jurnali kwa ajili ya salamu tu, muziki hawaujui.

Sanduku moja la kura lilikaa depo kwangu, moja kwa kinyozi wa Luvungi, moja katika duka la Makobola.

Mara ya kwanza Mwalimu alihesabu kuponi moja moja, siku tatu, na bado watu wakagombana. Wengine walisema amependelea watu wa msikitini, wengine wakasema mimi nimevuta upande wa Wafuliiru wenzangu. Mwaka uliofuata kura zilijaa magunia. Ndipo nikaleta mizani yangu ya ndagala. Kuponi zote ni karatasi moja na ukubwa mmoja, si ndiyo? Basi kila mwimbaji na gunia lake, tunapima barazani mbele ya watu, mwenye kilo nyingi ndiye mshindi.

Watu walicheka, halafu wakapenda. Mizani haina kabila. Mama mmoja wa sokoni aliniambia, "Papa Faida, ndagala unatuibiaka, lakini kura hujatuibia."

Alishinda dereva mmoja wa pikipiki wa Luvungi. Mwaka wa baada yake wakashinda mabinti watatu wa kwaya. Watu walitoka mpaka vijiji vya bondeni kuja kuona sindano ya mizani ikitembea. Nani mwingine hapa Uvira aliwahi kukusanya watu wa namna hiyo bila bunduki wala sadaka? Ni mimi, mtu wa darasa la tatu.

Halafu ikaja zamu ya binti yangu.

Faida ni mtoto wangu wa kwanza. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sauti yake siwezi kuieleza. Mama yake akiisikia alikuwa anaacha kupepeta mchele. Wimbo wake mmoja ulipigwa kwenye simu za watu wote wa bandarini, na wasomaji wakamtaja kati ya wagombea, bila mimi kusema neno.

Aliniomba kitu kimoja tu. Alinikuta depo, akakaa juu ya gunia.

"Papa, kwenye mambo hii usiingie. Nikishinda, nishinde na watu. Nikishindwa, nishindwe na watu."

"Minye niingie wapi?" nikamjibu. "Kazi yangu ni kupima."

"Niahidi."

Nikamuahidi. Nikampa mkono kabisa, kama wafanyabiashara.

Lakini mdomo wangu, ndugu zangu... Nilikuwa nimeshatangaza bandari nzima kwamba mwaka huu zawadi inalala kwangu. Nilikuwa nimeshashonesha bazini ya kuvaa siku hiyo, mimi na mama yake. Mpinzani wake alikuwa Riziki, mtoto wa mvuvi wa Makobola, mpiga gitaa, kijana mpole. Nilikuwa namcheka hadharani.

Ilikuwa majira ya mvua. Mto ulikata barabara ya Fizi, kwa hiyo gunia la Makobola lilikuja kwa mtumbwi, siku ya Ijumaa asubuhi. Mwalimu akapanga kuponi zote kwa majina, akazitia magunia, akaenda kusali swala ya Ijumaa. Kupima kulikuwa Jumapili. Akaniacha peke yangu.

Nikasema nichungulie tu. Nikatundika gunia la Faida, halafu la Riziki.

La Riziki lilikuwa zito zaidi. Si sana, kama ujazo wa sahani moja ya ndagala. Niliona giza mchana kweupe. Nilisikia tayari vicheko vya bandarini.

Pembeni kulikuwa na marundo ya jurnali ambazo hazikuuzwa. Nikafunga mlango, nikachukua wembe, nikakata kuponi nyuma ya kuponi, na kila moja nikaandika FAIDA, FAIDA, FAIDA, mpaka kidole kikavimba. Mwalimu aliporudi alinikuta nafagia.

Jumapili akashinda. Watu waliimba, mama yake akalia, na mimi nikatembea kifua mbele kana kwamba nimeumba ziwa. Riziki alikuja kumpa Faida mkono. Hakuwa na kinyongo. Akamwambia, "Weye unaimba kweli. Hata mama yangu alikupigia kura weye, akaniacha minye mtoto wake."

Kwa hayo maneno mazuri ndipo nyumba yangu ilipovunjika.

Faida alitaka kuiona salamu ya mama huyo. Jumatatu alitandika mkeka uani, akamwaga gunia lake lote, akaanza kusoma salamu moja moja, akimsomea mama yake kwa sauti. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Walicheka, kuna mtu alikuwa amemsalimia hata mbuzi wake. Halafu kicheko kikakatika.

Aligeuza kuponi moja, nyuma tupu. Akageuza nyingine, tupu. Akageuza nyingine.

"Papa, hizi ni za nani?"

"Za wasomaji," nikasema.

"Wasomaji gani hawana mtu wa kusalimia?"

Akazileta karibu na macho. Ndugu wasomaji, kuandika nimefundishwa na mtoto huyo. Alipokuwa na miaka tisa tulikaa meza moja, yeye na kazi zake za shule, mimi na kalamu yangu, akanishika mkono na kunionyesha herufi za jina lake, ndizo nilizotaka kuzijua kwanza. Ile F yangu inayoinama anaijua kuliko mtu yeyote duniani.

Alizikusanya, akavaa viatu, akampelekea Mwalimu.

Mwalimu alitoa zangu zote, akazihesabu zilizobaki moja moja, kama mwaka ule wa kwanza, Faida na Riziki wakiwa wamekaa mbele yake. Halafu wakaniita. Faida alikuwa amemshinda Riziki kwa kura tisa. Bila mimi. Kura tisa safi za watu.

"Haiwezekani," nikasema. "Nilipima."

Mwalimu aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. "Papa Faida, gunia la Makobola lilikaa chini ya mtumbwi. Karatasi ilikunywa maji, na nyingi ni za Riziki. Weye umeuza ndagala miaka thelathini, hujui maji iko na uzito?"

Mimi! Mimi ambaye mvuvi akiniletea ndagala isiyokauka vizuri ninaijua kwa kuigusa, nilishika kuponi zile, zikaninata vidoleni, na sikuona kitu. Nilikuwa naangalia sindano tu.

Niliwasihi tunyamaze. Mshindi si ni yuleyule? Nani ameumia? Faida akamwambia Mwalimu, "Andika yote." Mwalimu akaandika yote, la kwangu na la kura tisa. Ikawa jurnali ya mwisho.

Kwa sababu watu waliamini nusu ya kwanza tu. Ningekuwa wao na mimi nisingeziamini hizo kura tisa. Kinyozi wa Luvungi alirudisha sanduku. Makobola hata sanduku hawakurudisha. Sokoni, badala ya kuomba matabishi, ile nyongeza ya mnunuzi, wakaanza kuniuliza, "Papa Faida, leo hakuna matabishi ya kura juu ya kilo?" Hayo niliyavumilia, nimetukanwa tangu utotoni. Mwalimu tunasalimiana njiani, tunaulizana habari za watoto, tunapitana.

Lakini Faida hakuvumilia. Alipopanda kuimba kwenye harusi moja, mtu alipiga kelele nyuma, "Pimeni kwanza!" Ukumbi ukacheka. Akaweka mikro chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hajaishika tena. Hata kwaya aliyokuwa anaimbia ameacha. Amehamia Lubarika kwa shangazi yake, analima muhogo, yeye ambaye nilimlea asiguse jembe.

Mwezi uliopita nilimfuata. Niliwakuta shambani, wanawake sita kwenye mstari mmoja, wanapalilia na kuimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitika. Nilisimama njiani nikasikiliza sana. Sauti zilikuwa tano. Nilizihesabu.

Aliponiona alikuja, akanisalimia kwa heshima, akaniletea kiti na maji. Nikamwambia nitanunua vyombo vipya vya muziki, nitafungua studio, nitaileta hata kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia nisamehe.

"Nimekusamehe, Papa," akasema. "Lakini nikifungua mdomo, naona ile mizani."

Akaniaga, akarudi kwenye mstari wake. Sijui kama kuna siku itabadilika. Mama yake anasema tumuombee. Mimi nimeacha kuuliza.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mliojitengeneza kwa mikono yenu na mnadhani mikono hiyo inaweza kutengeneza kila kitu, nawasihi: mtoto akikuomba usiingie, kaa nje. Hata ukiona anashindwa, kaa nje. Mtoto aliyeshindwa na watu anarudi nyumbani kulia kwako. Wa kwangu nilimshinda mimi... sasa akalie kwa nani?